Chai ya Gavana

Kuna watu wakikasirika hupiga kelele wakapoa. Melania hakuwa wa namna hiyo. Hasira yake aliitunza miaka kumi na mitatu, akaipalilia, akaimwagilia maji, na alipoanza biashara ya mikoba akasafiri nayo mpaka Guangzhou, China. Ilipofika Alhamisi ile, mwaka tisini na tisa, alikuwa amepanga kuitua.

Kilichokuwa kikisubiriwa ni neno moja tu kutoka kinywani mwake. Kule Bukoba mahakama ilikwisha kusema: nyumba ya kijijini Katoma na kibanja chake cha migomba na kahawa ni mali ya mabinti wa marehemu, na Jovitus, baba yao mdogo, atoke. Dalali wa mahakama, bwana Revocatus, alikuwa tayari na gari. Lakini Jovitus alileta ombi kupitia kwa Kalista, mdogo wake Melania. Alisema amezeeka, mguu mmoja umekatwa kwa sababu ya kisukari, anaomba aachiwe kile kibanda cha nyuma cha kuwekea kahawa, akae humo mpaka Mungu amchukue. Kalista, ambaye moyo wake ni siagi juani, alilia kwenye simu akilieleza. "Amua wewe dada mkubwa," alisema. "Revocatus anaondoka Alhamisi saa saba mchana. Nipigie dukani saa sita."

Saa sita ya Bukoba ni saa kumi na moja jioni ya Guangzhou. Melania akasema sawa, Alhamisi. Ila kabla ya kupiga, kuna mahali alitaka kufika kwanza.

Mahali penyewe ungecheka. Ni bustani ya michezo, iko njiani ukienda Shiling kwenye viwanda vya mikoba. Mwezi uliopita, akiwa ndani ya basi, aliona bango kubwa la bustani hiyo kando ya barabara: mwanamke amevaa kijani, nywele kafunga utepe mwekundu, nyuma yake mnara wa ghorofa saba. Melania aliinuka kitini basi likiwa linakwenda. Alimjua yule mwanamke. Alimjua kabla hajamjua Mchina hata mmoja.

Ninyi mliozaliwa mkakuta televisheni sebuleni hamwezi kuelewa. Miaka hiyo video ilionyeshwa kwenye ghala la kahawa lililoachwa, na picha za Kichina zilikuja hivyo hivyo, Kichina kitupu. Ndipo akahitajika msimuliaji. Anasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, anawasemea wote: staringi, adui, mama yake staringi, hata farasi akikohoa anamsemea. Bingwa wa kazi hiyo Bukoba nzima alikuwa Kasmir. Akisimulia, wanaume wazima walisahau kurudi kwa wake zao.

Wakati huo Melania alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Siku ya nne baada ya mazishi, Jovitus alimtoa mama yao nje na mabinti wake wawili na godoro moja, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume na kibanja cha ukoo hakiwezi kukaliwa na wanawake. Wakapanga chumba mtaa wa Hamugembe, mjini Bukoba. Mama akakaanga karanga, Melania akazipeleka kuuza ghalani, na huko ndiko alikomkuta yule mwanamke wa kijani, staringi wa picha iitwayo Binti wa Mnara. Gavana alikuwa amemwua baba yake yule binti na kuchukua nyumba yao. Binti akapanda mnara ghorofa baada ya ghorofa, akipigana, mpaka ya saba. Kule juu hakutoa panga. Alipiga magoti akammiminia Gavana chai. "Na chai ile," Kasmir akanong'ona kwenye kipaza sauti, "ina sumu." Gavana akanywa. Kichwa kikainama. Mwisho.

Miaka miwili baadaye mama naye akafa, chumba kile kile cha kupanga. Melania hakulia sana. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa, Kasmir huyo huyo alikuwepo Guangzhou. Alikwisha kaa miaka mitatu, akiwasafirishia Watanzania mizigo yao na kuwatafsiria kwa wenye viwanda. Melania alipomwambia habari ya bango alidhani ataruka kwa furaha. Kasmir alikuna shingo. Mara ana kontena bandarini Nansha, mara tumbo linamsumbua, mara "meiyou, hakuna kitu kule, Melania, mbao na rangi tu." Alimzungusha wiki nzima. Lakini Melania akishika jambo ni kupe, na Alhamisi asubuhi walikuwa getini.

Mlinzi wa geti alivaa deraya ya plastiki na raba nyeupe. Melania akalimeza hilo. Waliingia kwenye ile nyumba ya wageni ambamo, katika picha, staringi alivunja meza kumi na mbili kwa usiku mmoja; meza zilikuwa zimefungwa sakafuni kwa nati, na watu walikula tambi za kwenye boksi zinazotiwa maji ya moto. Mto wa Damu wa kwenye picha hapa ulikuwa dimbwi lenye viboti vya umbo la bata. Kila hatua Melania alizidi kukaza midomo, kama mtu aliyealikwa harusini akakuta wali umekwisha.

"Nilikuambia," alisema Kasmir.

"Bado mnara."

Wakapanda. Ghorofa ya kwanza, maduka ya vinyago. Ya pili, vyoo. Ya tatu, ngazi zikaisha. Mbele yao palikuwa na ukuta wa mbao, na juu ya ukuta wamechora mlango. Hapo walimkuta mwanamke wa Kichina wa makamo, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, utepe mwekundu kichwani, anaugonga ule mlango wa rangi kwa vidole. Alikuwa mwalimu wa shule. Alikuwa amepanda treni siku mbili kuja kuuona mnara huu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Saba," alimwambia Melania kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Kwenye picha ni saba. Hapa tatu. Wezi."

"Wezi," alikubali Melania, naye akaugonga. Walisimama pale wanawake wawili wasiojuana, wakigonga mbao iliyochorwa, na kwa mara ya kwanza tangu aje China Melania alihisi amepata ndugu.

Mwalimu akasema bado chumba cha mwisho, kimejengwa chini kwa kuwa juu hakuna kitu. Kasmir akasema yeye atasubiri nje. Melania akamshika mkono. "Hapo ndipo pa kwako hasa, kaka. Unatoroka nini?" Kasmir akajichomoa, akabaki nje.

Chumba kilikuwa na giza na baridi. Waliingia watu kama ishirini. Taa ikawaka, na Melania akamwona: staringi wa nta, amepiga magoti, birika mkononi. Mbele yake Gavana, mzee, ndevu nyeupe, amekaa kitini. Mashine ikaguna. Birika likainama. Gavana akainua kikombe, akanywa, kichwa kikashuka taratibu mpaka kidevu kikagusa kifua. Mwili mzima ulimsisimka Melania. Mbao, bata na nati, vyote akavisamehe papo hapo. Neno la kumpa Kalista lilikuwa tayari ulimini mwake: atoke.

Mashine ikaguna tena. Gavana akainua kichwa. Mkono wake ukasogea kwa kukwamakwama, ukatua juu ya kichwa cha binti, na watu waliomzunguka Melania wakaanza kupenga kamasi.

Alidhani mashine imeharibika. Akabaki mpaka kundi jingine likaingia. Chai, kikombe, kidevu kifuani, kisha kichwa juu na mkono utosini. Akabaki tena mara ya tatu. Mwalimu naye alibaki, analia vizuri kabisa.

"Anakufa lini?" Melania akamwuliza.

"Nani? Gavana?" Mwalimu alimshangaa. "Hafi. Anamwomba radhi, binti anamsamehe. Watu wote wanaipendea hapo." Akajifuta macho kwa ncha ya utepe. "Mkono wameutengeneza vibaya. Lakini hapa angalau hawakutudanganya."

Melania alitoka nje. Kasmir alikuwa kwenye benchi, anamenya mbegu za alizeti bila kuzila. Akakaa kando yake.

"Kaka Kasmir. Ile chai ilikuwa na nini?"

Kasmir alimenya mbegu nyingine. "Majani," alisema. "Majani ya chai tu, Melania. Mimi Kichina wakati ule nilikuwa sijui hata salamu. Natazama midomo yao inavyokwenda, natunga. Mnachekea, mnalilia, vya kwangu vyote."

"Na sumu?"

"Siku ile nilikuona. Umenyolewa kichwa, sinia la karanga kichwani, umesimama mbele kabisa. Mji mzima ulikuwa unajua Jovitus amewafanyia nini. Mimi mwenyewe sikujua yule binti amemwendea mzee kwa lipi. Nikakutazama, mdomo ukasema wenyewe: chai ina sumu. Ukacheka. Mkanda ulikuwa umebaki dakika chache. Nikauzima, ubaki na kicheko chako."

Melania alitamani kumzaba kofi. Si kwa uongo, maana uongo ndiyo iliyokuwa kazi ya mtu yule, na aliifanya vizuri. Ilimuuma kwamba miaka yote kumi na mitatu alijiona anatembea njia iliyokwisha kutembewa na mwanamke mwingine, mwanamke jasiri kuliko yeye, na kumbe mbele yake hapakuwa na mtu.

"Basi imekuwa heri umeona mwenyewe," alisema Kasmir, akidhani amelainika. "Mzee wa watu ana mguu mmoja. Mwachie kibanda. Hata staringi mwenyewe alisamehe."

"Staringi wao huyo simjui," alisema Melania. "Wangu ni yule wa ghalani."

Ndani ya basi la kurudi Melania aligeukia dirisha. Kasmir alifikiri kwamba mwanamke anafikiri. Hakuwa anafikiri. Alikuwa anamkumbuka mama yake akikusanya vyombo jikoni, na Jovitus amesimama mlangoni akihesabu masufuria asije akachukua la ukoo. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Sasa anaomba kibanda. Mama yake aliomba kibanda kile kile, kwa magoti, na hakuna mtu aliyesimamisha mkanda.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano walikuwa mtaa wa Dengfeng, kwenye vibanda vya simu. Mchina mwenye kibanda alimjua Melania, akamwita pengyou, rafiki, akampa kiti. Melania hakukaa. Simu ikaita mara mbili, Kalista akapokea.

"Dada." Sauti ya Kalista ilikuwa ndogo. "Baba mdogo yuko hapa dukani. Kaja na basi la asubuhi. Anasema anataka kulisikia mwenyewe kutoka kwako, lolote lile. Nampa simu."

Hilo Melania hakulitegemea. Miaka kumi na mitatu hajaisikia sauti ya yule mtu, na neno lake alikuwa ameliandaa kwa Kalista. Akageuka, akamwona Kasmir amesimama mlangoni mwa kibanda, na hasira yake ikapata pa kutua kwanza. Akamsukumia mkono wa simu.

"Hadithi hii umeianza wewe," alisema. "Yuko hapo anasikiliza. Mwambie atoke leo, nyumbani na kibandani. Malizia kazi yako."

Kasmir aliishika simu kwa mikono miwili. Alikohoa. Kisha ikatoka ile sauti, nzito, iliyojaa, sauti ya ghalani ambayo Melania alikuwa hajaisikia tangu utotoni, na mpaka Mchina wa kibanda akainua uso.

"Mzee Jovitus," alisema Kasmir. "Mimi ni Kasmir, nipo na binti yako hapa. Analia, hawezi kusema. Anasema yaliyopita si ndwele. Rudi Katoma ukae, kibanda ni chako, na siku yako ikifika utalazwa karibu na kaka yako."

Alisema bila kupumua, amefumba macho, na kila neno lilikuwa tamu. Kutoka upande wa pili Melania alisikia kilio cha mzee, cha mtu aliyetua mzigo, na Kalista naye analia, anamshukuru Mungu. Hakuna jambo lililokuwa rahisi kuliko kuliacha hivyo. Angenyamaza tu, na ingekuwa kweli.

Alinyoosha mkono akaichukua simu. Kasmir hakubisha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Mungu akubariki, mama. Mungu akuzidishie."

"Huyo aliyekuwa anaongea ni mtu wa video," alisema Melania. "Kazi yake ni kusema yasiyokuwepo. Mimi ndiye Melania. Hapo dukani ulipo usirudi Katoma. Revocatus anaondoka saa saba, na vitu vyako utavikuta barabarani. Vya kibandani pia."

Alisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, alikuwa amejiandaa hata kwa laana, na alikuwa na jibu la kila moja. Hakutukanwa. Alimsikia mzee akivuta pumzi, kisha akimwuliza Kalista taratibu magongo yake ameyaegemeza wapi.