Mfarishi wa Bwana Penhallow

Mwanawe mchanga alipolala ndipo Marlys alipopata mikono yake miwili. Alimlaza kapuni chini ya meza ndefu ya ukumbi wa kanisa, akamfunika shali, akashusha pumzi. Juu ya meza ulitandazwa mfarishi wa viraka, mpana kama bustani, na wanawake wa Cayuta Falls walikuwa wameshauzunguka kwa mikasi yao, kahawa yao na maneno yao. Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu.

"Karibu, mwanangu," alisema Bernadine, mkubwa wa washonaji na mkubwa wa mizaha vilevile. "Eti huko kwenu maktabani hamnywi kahawa mezani?"

"Kahawa? Hata kalamu ya wino haiingii, mama. Penseli tu."

"Maskini mtoto wa watu! Basi huku kunywa, na ukiimwaga tutasema ni ua."

Marlys alicheka, akajimiminia kikombe. Lakini roho yake ilikuwa juu. Tangu majira ya joto alikuwa akipanga karatasi za marehemu Thaddeus Penhallow katika maktaba ya chuo. Bwana huyo alizaliwa hapo hapo mjini, akaenda kuwa balozi mdogo wa Marekani huko Manchuria, halafu akauacha ubalozi akawa mtu wa mabenki ya New York. Akahamia Peking, kazi yake kuwashawishi wakuu wa China wakope fedha za kujenga reli. Homa ikamchukua angali kijana, na mkewe, Cordelia, akarudi nyumbani na binti mchanga na rundo la masanduku.

Sasa masanduku yalikuwa mali ya mjukuu wao, Bi Winifred, ajuza mwembamba aliyeketi pale kichwani mwa meza kama jaji. Alikuwa ameiazimisha maktaba tu, na kwa sharti.

Sharti lilitokana na maneno ya watu. Cordelia alikuwa binti wa mwenye benki iliyomtuma Thaddeus, na mji mzima ulirithishana mzaha: Penhallow alioa benki, bibi harusi akawa riba. Winifred aliusikia shuleni, akausikia sokoni, akauchoka.

"Nitafutie ishara moja tu kwamba alimpenda bibi yangu," alikuwa amemwambia Marlys. "Moja tu! Ikiwa ni mikopo mitupu, Jumatatu namkabidhi mtu wa mnada masanduku. Achukue stempu, achukue sahihi, mengine atajua mwenyewe. Sitamweka bibi yangu maktabani kama risiti."

Marlys alikuwa amefungua kila jalada. Alikuta reli, hazina, mikataba, mialiko ya chakula cha mabalozi. Neno kwa mke, hakuna. Na leo ilikuwa Jumamosi. Kila alipofikiria zile karatasi zikitawanywa, huku ukurasa huku bahasha, alijisikia kama mtu anayetazama ndugu wa tumbo moja wakigawiwa majirani.

"Basi hujaona kitu?" Winifred aliuliza mbele ya wote.

"Bado, Bi Winifred."

"Si ajabu," Bernadine alidakia. "Mtu mnayelala naye kitanda kimoja akuandikie barua za nini? Mimi mume wangu hajaniandikia hata 'nimeenda dukani'."

Wakacheka, hata Winifred akatikisika kidogo. Kisha wakaanza kazi iliyowakutanisha. Celeste, mjukuu wa Winifred, alikuwa anaolewa mwezi wa sita, na huu mfarishi Cordelia aliuanza Peking asiumalize. Upande wa juu ulikuwa umeungwa wote, lakini hakuutia bitana, wala hakuzitoa karatasi. Maana ndivyo walivyoshona zamani: kila kiraka cha pembe sita hukunjwa juu ya kipande cha karatasi, kikapigwa bandi, mishono ya kushikiza kwa muda tu, ili kisipoteze umbo, ndipo kikaunganishwa na mwenzake. Viraka vyote vikishashikana, bandi hukatwa, karatasi hutolewa, zikaenda kuwashia jiko.

"Haya, akina mama, bandi zikatwe!" Bernadine aliamuru.

Karatasi zikaanza kudondoka kwenye ndoo ya taka. Zilikuwa za magazeti ya kina mama: nusu ya kofia, robo ya keki, mguu wa mtu anayetangaza viatu. Opal, jirani wa Bernadine, akasoma kwa sauti: "'Mayai manne, kisha...' Kisha nini? Ametuua na njaa!" Ikawa kicheko juu ya kicheko.

Marlys naye alikata, akavuta, akakata, mpaka wakafika mistari ya katikati. Hapo Bernadine akachomoa kipande kinene, chenye wino wa zambarau, akakitupa kwenye ndoo bila kukitazama.

"Msiguse!"

Marlys mwenyewe alishtuka kwa ukali wa sauti yake. Mikasi ikasimama hewani. Kahawa ya Opal ikamwagika. Chini ya meza mtoto akaamka, akapaza sauti kama vile ndiye aliyekemewa.

"Mmemsikia mtu wa penseli?" alinong'ona Bernadine. Opal akamtoa mtoto kapuni, akambembeleza begani.

"Nisameheni, mama zangu. Ni mwandiko wake. Nimeishi nao, siwezi kuukosea." Marlys alikuwa amekishika kile kipande kwa ncha za vidole. Alifunua kiraka kingine, na kingine, bila kukata uzi. "Hii ni rasimu ya mkataba. Angalieni: 'asilimia tano'. Hapa, 'reli'."

Uso wa Winifred ukaporomoka. "Mkopo tena! Hata ndani ya blanketi, bibi yangu alilala na mkopo."

Marlys alitamani angefumba mdomo wake.

Lakini Bernadine alikuwa ameusogeza mfarishi karibu na dirisha, amevaa miwani. Karatasi hakuwa na habari nazo. Alikuwa anatazama kitambaa.

"Opal, hebu njoo uone aibu hii. Nani alishona huku katikati? Mafundo kama mbaazi!"

"Si mkono wa Cordelia huo," alisema Opal, mtoto begani. "Cordelia mishono yake huku pembeni huioni hata ukiitafuta. Huyu kashona kama anafunga gunia."

"Na tazama inavyolala. Yetu yote imeinamia huku, hii imeinamia kule. Huyu ni mtu wa mkono wa shoto. Winifred, bibi yako alikuwa wa shoto?"

"Hata kidogo. Ndiye aliyenifundisha kuandika, na mkono wake ulikuwa wa kulia."

Marlys alikitazama tena kile kipande. Maneno yalikuwa yamevurugika, wino umeburuzwa kuelekea kulia, kama vile mkono ulipita juu yake kabla haujakauka. Karatasi zote za Penhallow zilikuwa hivyo, kila sanduku, na yeye miezi yote hiyo alidhani ni wino mbaya.

"Mama," alisema polepole, "anayeandika kwa mkono wa shoto huufuata wino wake mwenyewe. Huufuta akienda. Ni yeye. Bwana Penhallow ndiye aliyekuwa wa shoto."

Winifred aliinuka kitini, akausogelea mfarishi.

"Unataka kuniambia," Winifred aliuliza, "babu yangu, mtu wa mabenki, alikaa na sindano?"

"Alikaa, tena bila kastabini ya kukinga kidole," alisema Bernadine. "Hili doa ni damu, siyo ua. Mkewe alishona pande zote mbili, yeye akaziunganisha hapa katikati. Na alikata mikataba yake mwenyewe, masikini, magazeti ya mkewe yalipoisha."

"Mimi," Opal akasema, "mume wangu angeshona vibaya hivi ningefumua usiku uleule. Na ninampenda! Cordelia aliiacha yote. Hakugusa hata fundo moja."

Winifred alipitisha kidole juu ya yale mafundo, moja baada ya jingine. Alianza kutetemeka mabega, na Marlys akadhani analia. Kumbe kicheko, kicheko cha msichana, machozi yakimtiririka bila ruhusa.

"Mafundo kama mbaazi!" alisema. "Loo, babu! Mtu wa mnada nitamkatia kipande cha pai, aende zake. Masanduku ni yenu, mwanangu. Yote, yakae pamoja."

Marlys alimkumbatia bila kufikiri. Kisha tabia ya kazi ikampanda. "Na hizi rasimu za ndani, Bi Winifred?"

"Hizo hazitoki. Au sheria yenu inasemaje?"

Marlys alizitazama zile karatasi alizokuwa akizitamani, akatabasamu. "Inasema kitu kikae kama mwenyewe alivyokiacha."

"Tieni bitana, basi!"

Bernadine aliunyanyua mfarishi, akautikisa. Katikati karatasi zikachakacha kama majani makavu.

"Mnasikia? Celeste akijigeuza tu kitandani, nyumba nzima itajua."

"Na wajue!" alisema Winifred, akanyoosha mikono apewe mtoto.