Kamera ya Komunyo ya Nono

Dukani, mzee Rigobert alijaribu kamera mbili za video. Ile ndogo ilikuwa nyepesi, lakini picha yake ilikuwa na ukungu. Ile kubwa ilionyesha hata kope za mtu, ila mkono wake, dhaifu tangu alipougua, ulianza kutetemeka.

"Papa Guelord, twende na ile kidogo," mkewe Delphine alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Hii iko nzito."

"Na macho yako haione tena muzuri. Siku ya komunyo, mujukuu wetu Nono utamuona namna gani?"

Wakanunua kubwa. Jumapili kanisani, Delphine alimshikilia mumewe kiwiko misa nzima. Video ilitoka safi: Nono anatabasamu, na karibu kabisa Delphine anasikika akinong'ona, "Egemea kwangu, mupenzi."