Kipimo cha Mdomoni

Wiki iliyopita Himid, fundi cherehani anayetupigia ngoma kwenye kikundi chetu cha matarumbeta hapa Zinga, alikuja kunipima. Eti sare mpya. Akanikalisha kwenye kiti, akavuta futi kutoka kitini mpaka mdomoni kwangu. Sare gani inafika mdomoni? Mzee wa miaka sitini na nane akipimwa hivyo anawaza sanda.

Leo nimefika mazoezini, nikakuta tuba yangu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, imepachikwa juu ya stendi ya chuma yenye miguu mitatu. Nikajua wanamzoesha mpigaji mwingine. Miaka ishirini nimeipakata mapajani mpaka mgongo umepinda, leo wananifukuza kwa adabu!

"Shikamoo, Mzee Mwinyimvua. Hebu kaa," alisema Himid.

"Marahaba. Hiyo ya nani?"

"Kaa kwanza."

Nikakaa kwa hasira, nipulize niwaonyeshe kwamba haifai. Sikuinama hata kidogo. Tuba ilinifikia midomoni yenyewe, na mapaja hayakubeba kitu.

"Tungekuambia, ungekataa," alisema Himid.

Nilikuwa na maneno makali ya kumjibu, lakini mdomo ulikuwa kazini.