Breki ya Upande wa Abiria

Muuguzi alikuwa ameomba kitu kimoja tu: Jumamosi hiyo, familia ikienda kuangalia maporomoko ya maji kule milimani, aendeshe yeye, mwanzo mpaka mwisho, bila kuingiliwa. Haukuwa ukaidi. Jumatatu alikuwa anahamia zahanati ya huko huko juu milimani, na mganga mkuu alishamwambia wazi kwamba gari lipo, dereva hayupo, na wagonjwa wa kule hawajileti wenyewe. Kama barabara ya makona ya kupandia huko, ile ile ya maporomoko, ingemshinda, nafasi angepewa mwingine, naye angerudi wodini kwenye zamu zilizomchosha kwa miaka kumi na moja. Barabara yenyewe hakuwahi kuiendesha hata mara moja.

Mume alikubali upesi mno, na hapo ndipo mke angepaswa kushtuka.

Mume huyu, jamani, alikuwa mwalimu wa udereva. Gari la familia ndilo hilo hilo la kufundishia, lenye herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma, na pedeli ya pili ya breki miguuni pa abiria. Kwa miaka kumi na mitano mguu wake wa kulia uliishi juu ya pedeli ile. Aliwahi kumfundisha mke wake kwa mwezi mmoja, wakanuniana miwili, mpaka mke akaenda kuchukulia leseni kwa washindani wake wa mtaa wa pili. Tusi lile mwalimu hakuwa amelimeza mpaka leo.

"Sikugusi," alisema akifunga mkanda. "Leo mimi ni mzigo tu."

Hawajamaliza mtaa wao, mzigo ukakanyaga breki. Kwenye kiti cha nyuma, mama mkwe alikumbatia kikapu cha mayai ya kuchemsha, na binti wa miaka kumi na miwili akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

"Kulikuwa na paka," alisema mume.

"Paka alikuwa juu ya ukuta!"

"Paka huruka, mke wangu."

Basi ikawa ndiyo safari. Breki kwenye tuta, breki kwenye daraja, breki kwa sababu mzee mmoja mwenye baiskeli, aliyekuwa ameegesha na kukaa chini, "alionekana kama anataka kuinuka." Kila mara mke alipumua kwa nguvu, akaweka gia upya, akajikaza asiseme neno. Neno lilikuwepo, tena si moja.

"Mkwe wangu," aliuliza mama mkwe, "kwani hili gari lina kwikwi?"

"Muulize mwanao, mama."

"Mwanangu namjua. Mdogo wake alipoanza kujifunza kutembea, yeye alikuwa anamkalisha chini asianguke."

Lami ikaisha, msitu ukasogea pande zote mbili, mlima ukaanza kweli. Kwenye kona ya kwanza kali, mke aliingiza gia namba moja, akaachia klachi taratibu kama alivyofundishwa kwa wale washindani. Gari likaanza kupanda vizuri kabisa. Puu! Mguu wa mwalimu ukatua. Injini ikazima, gari likarudi nyuma hatua mbili, na lori la magogo lililokuwa linawafuata likapiga honi ndefu ya kukera.

"Umeona sasa?" alisema mume. "Umezima."

Umezima! Mke alivuta breki ya mkono.

"Mwalimu, shuka."

Mume akacheka. Mke hakucheka.

"Shuka. Njia ya miguu hiyo hapo, na kibao kinasema ni mwendo wa saa moja mpaka kwenye maporomoko."

"Kwa viatu hivi? Mama, unasikia ninavyofukuzwa kwenye gari langu mwenyewe?"

"Nasikia," alisema mama mkwe, huku anamenya yai. "Nenda, mwanangu. Kagari kapumzike."

Akashuka shingo upande, mbele ya dereva wa lori aliyekuwa anacheka bila hata kujificha. Mke alifuta viganja kwenye sketi. Akizima tena hapa, lori liko nyuma, mtoto yuko nyuma, na Jumatatu imekwisha. Akawasha, akatafuta ile sehemu gari linaponguruma likitaka kwenda, akaachia breki ya mkono. Gari likapanda. Likamaliza kona hiyo, na ya pili, na ya tatu, mpaka juu kwenye uwanja wa kuegesha, na hapo alizima mwenyewe kwa ufunguo, akalia kidogo kwa hasira na furaha kwa pamoja.

Maporomoko yalikuwepo, marefu, yenye kelele. Binti aliyafurahia. Mama yake aliyapa mgongo, akakaa juu ya jiwe akitunga hotuba. Angeanzia na paka, apite kwenye ile "umezima," amalizie na miaka kumi na mitano yote.

Mume alitokea msituni suruali imejaa tope mpaka magotini. Akakaa kando yake.

"Sasa nisikilize vizuri," alianza mke.

"Nilibaki kwanza pale pale mliponiacha, mpaka mkafika juu," alisema mume. "Kutoka chini barabara yote inaonekana. Nikawa naangalia taa zenu za nyuma."

"Enhe. Ukaona kosa gani?"

"Mwanafunzi mwoga taa zake za breki haziishi kuwaka. Zako hazikuwaka hata mara moja." Alikwangua tope kwenye goti. "Kumbe zote zile za njiani zilikuwa zangu."

Hotuba nzima ikamkauka mke mdomoni, na hilo nalo lilimuudhi: mtu huyu alikuwa anamnyang'anya hata ugomvi wake.

"Mvua ikinyesha kule itakuwa utelezi," aliendelea mume, sauti imepungua. "Utakuwa peke yako. Mimi nitakuwa mjini, sina pa kukanyaga."

"Huna," alisema mke, kwa upole uliomshangaza mwenyewe. "Itabidi uogope tu, kama waume wengine."