Mwalimu Ndani ya Kishikwambi

Sauti ya Mwalimu Muhdhar haikupotelea darasani, kama alivyotaka watu waamini. Ilipotea kwenye arusi ya mpwa wake huko Kibokoni, alikojipa kazi ya kusimamia masinia ya biriani. "Nyama huku! Sinia la wazee li wapi?" Alinguruma tangu adhuhuri hadi mgeni wa mwisho alipolamba vidole. Kesho yake alipofungua kinywa kumwamkia mkewe, ikatoka hewa tupu. Daktari akamwamuru anyamaze wiki nzima, hata kunong'ona asinong'one. Mkewe, Bi Mahfudha, alisema alhamdulillahi kwanza, ndipo akamwombea shifaa.

Muhdhar alifundisha hisabati gredi ya sita, na kwa hesabu zake mwenyewe hakuwa na mfano Mombasa nzima. Ushahidi aliokuwa nao ni mmoja. Kila alipomaliza kueleza jambo aliuliza, "Mumefahamu?" na darasa zima likaitikia, "Tumefahamu!" Hakuna aliyewahi kusema la. Kwamba mtihani ukija walianguka kama maembe mabivu, lawama hiyo aliisukumia chipsi na malezi ya siku hizi.

Vishikwambi vilipoletwa shuleni alivipiga vita waziwazi. Aliapa kuwa kioo hakitamfundishia wanawe. Lakini mwalimu mkuu, Bi Truphosa, alikuwa amemtaka kila mwalimu arekodi somo moja, na Muhdhar akarekodi lake shingo upande. Ila kwa jambo alilolichukia hivyo, alivaa koti lake la arusi na ndevu akazitia hina.

"Mwalimu sauti hana, lakini somo lake tunalo," Bi Truphosa alisema asubuhi Muhdhar alipofika darasani bila sauti, akigawa vishikwambi, kimoja kwa kila dawati. "Keti nyuma, Mwalimu, ujisikilize."

Akaketi kwenye kibenchi, magoti yakikaribia kidevu. Mbele yake walikaa Ubaid na Nasiha. Nasiha alikuwa msichana mpole ambaye Muhdhar hakukumbuka kumsikia akiuliza kitu tangu mwaka uanze.

"Robo tatu ya mkate wa sinia tuwagawie watoto sita," alisema Muhdhar wa kwenye kioo, koti likimeta. "Unageuza, unazidisha, umemaliza. Mumefahamu?"

Muhdhar wa kwenye benchi akatabasamu, akingoja itikio lake.

"Hatukufahamu," alisema Nasiha, akambonyeza ndevuni. Mwalimu wa kwenye kioo akakwama, mdomo wazi.

"Mrudishe nyuma," Ubaid akasema. "Huyu yuwenda mbio kama afukuzwa."

Wakamrudisha. Akageuza, akazidisha, akamaliza. Wakamrudisha tena. "Lakini ageuza nini?" Nasiha aliuliza kwa ukali. "Na kwa nini ageuze?"

Muhdhar aliinuka awakemee, koo likatoa mlio wa gurudumu la baiskeli lililotoboka. Hakuna aliyegeuka. Akatazama madawati mengine: kila mahali Muhdhar alikuwa akisimamishwa, akirudishwa, akiambiwa ngoja kwanza wewe. Dawati la dirishani walikuwa wamempunguza mwendo hata akawa asema kama mtu aliyekula mirungi akakosa usingizi siku tatu. Na kila dawati neno lilikuwa lile lile, hatukufahamu.

Lilimchoma. Mwanzo alikasirika, kisha akalitazama lile somo mara ya nne na tano, asiwe na pa kukimbilia, akaona alichokuwa hajakiona. Yule mtu mwenye koti aliuliza, lakini hakungoja jibu. Watoto walikuwa wakimjibu kama watu wanavyoitikia amina. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto.

Sauti iliporudi, aliingia darasani mapema. Akafundisha polepole, akichora mkate mzima ubaoni na kuukata vipande. Kisha akauliza, na safari hii akangoja.

"Mumefahamu?"

"Tumefahamu!" darasa likanguruma.

"Kweli?"

"Kweli, Mwalimu!"

Akamtazama Nasiha. Alikuwa amepaza sauti pamoja na wenzake, macho yake chini. Kumbe kile kioo waliweza kukiambia ukweli, yeye hawakuthubutu kumwambia.

Akasimama akifikiri. Halafu akachukua kishikwambi kilichozimwa, akakiinua mbele ya uso wake, ndevu zote zikajificha nyuma yake.

"Mumefahamu?" aliuliza kutoka huko.

Mtu akacheka puani. Dawati likalia, kisha ikatoka sauti nyembamba.

"Hatukufahamu," alisema Nasiha.

Nyuma ya kile kioo cheusi, mahali asipoonekana na mtu, Mwalimu Muhdhar alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Tuanzie wapi?" akauliza.

"Mwanzo!" darasa zima likaitikia, na kwa mara ya kwanza alijua wanasema kweli.