Bibi ya Adil

Mzee Ildephonse hakuwa na mke. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita. Hakuwa na mtoto, wala wa kumzaa wala wa kusingiziwa. Hakuwa na gari, na siku hizi za uhaba wa mafuta hilo halikumsumbua, maana hata wakubwa wa Kiriri, mlimani juu ya Bujumbura, walikuwa wakishuka mjini kwa miguu wakijifuta jasho. Hakuwa na magego mawili ya upande wa kushoto. Hakuwa na simu ya kupangusa kwa kidole. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana hata kimoja. Vyake vyote vilikuwa vya shule ya usiku, alivyovitafuta kwa miaka mingi baada ya kubeba magunia bandarini kutwa nzima, mpaka wakamtoa kwenye magunia na kumweka kwenye ukarani. Zaidi ya hayo yote, hakuwa na mtu wa kumwuliza jioni amekula nini.

Ndiyo maana, alipostaafu, alivaa koti lake la kijivu akapanda mpaka Mutanga Nord, kwenye kituo cha watoto cha Mama Daphrose, akabisha hodi.

"Sina kitu cha kutoa," alimwambia. "Lakini Kiswahili ninacho."

Mama Daphrose alikuwa na watoto ishirini na watatu, paa linalovuja, na Kiswahili cha kununulia nyanya sokoni. Alimpa Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana.

Kwa miaka minne Mzee Ildephonse hakukosa siku. Alifundisha kusoma na kuandika, na alisahihisha kila kilichopita mbele yake. Ukisema "mutoto" anakwambia "mtoto". Ukisema "apana" anakwambia "hapana". Watoto walimpenda hivyohivyo.

"Ndiyo, muzee," wangemjibu.

"Mzee."

"Ndiyo, mu-mzee."

Alikuwa na kalamu nyekundu ambayo haikumwogopa mtu. Tangazo la mlangoni la Mama Daphrose mwenyewe alikwisha kulisahihisha mara mbili.

Adil aliletwa na watu wa mtaa wa Buyenzi. Mama yake, Nura, alikuwa ameshuka na boti ya mizigo kutoka Kigoma kuja kutafuta ndugu zake aliowaacha zamani. Hakuwakuta. Akashikwa na homa, na siku ya sita akafia hospitali. Karatasi yake ya safari ilisema Kigoma, basi, hakuna zaidi. Mtoto alikuwa na miaka mitano na kaptura moja. Kwa kuwa Kirundi hakukijua, Mama Daphrose alimwita Mzee Ildephonse aje amhoji na kuandika maelezo yake kwenye faili.

Mzee alikaa, akafungua kalamu. "Haya, mwanangu. Una nani hapa duniani?"

"Nataka bibi yangu," alisema Adil. "Nataka bibi Kaltum."

Sasa, hapa Bujumbura, bibi ni mke wa mtu. Ukisema "bibi yangu", watu wanaelewa unamtaja yule uliyemtolea mahari. Na mpishi wa kituo, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, jina lake lilikuwa Kaltum. Asubuhi ile ndiye aliyempa mtoto uji. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake akisikiliza.

"Yooo!" akapiga kelele. "Nimepata bwana! Na bwana mwenyewe ajapoteza hata meno ya utoto!"

Watu walicheka mpaka watoto wengine wakaja kuchungulia. Mama Daphrose, aliyekuwa hajacheka tangu wiki iliyotangulia, alicheka. Mzee Ildephonse alicheka pia, kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: *Mtoto hana ndugu anayemjua. Amempenda mpishi.* Akatia sahihi.

Tangu siku hiyo Kaltum akawa bibi ya Adil. Watoto walimtania Adil bwana harusi. Jua likishuka naye akianza kulia kwamba anamtaka bibi yake, walimpeleka jikoni, Kaltum akamkalisha mapajani huku anachambua maharage. Adil alitulia. Paja ni paja. Lakini kabla ya kutulia alimtazama Kaltum usoni kwa muda, kama mtu aliyeletewa kiatu kinachofanana na chake.

Miezi ikapita, Adil akatimiza sita. Akawa wa kukaa mstari wa mbele, akimbebea Mzee Ildephonse chaki kutoka mlangoni hadi ubaoni. Jumanne moja, wenzake wakiwa wanaandika, akamvuta mzee mkono wa koti.

"Mzee, jana umekula nini?"

Mzee Ildephonse alijikuta anatafuta leso.

"Maharage," alijibu mwishowe.

"Na nini?"

"Na wali."

"Mimi na ugali," alisema Adil, akarudi kwenye daftari lake.

Wiki hiyo hiyo mzee aliingia ofisini kwa Mama Daphrose na kumwomba mtoto. Yaani amchukue, amlee nyumbani kwake, kwa karatasi halali. Mama Daphrose alimwuliza maswali magumu, kama ilivyompasa. Ana miaka mingapi? Sabini na mmoja. Mchana mtoto atabaki na nani? Na jirani yake Patricia, mwenye wanne wa kwake na moyo wa kuongeza. Watu wa ofisi ya jamii walikuja, wakatazama nyumba, wakaridhika. Fundi akatengeneza kitanda kifupi. Kutia sahihi kukawekwa Ijumaa.

Jumanne ya mwisho kabla ya Ijumaa hiyo, Mzee Ildephonse alikuwa anafundisha majina ya watu wa nyumbani. Hakuwa mchoraji, ila alijaribu. Alichora ubaoni mama mzee, kitambaa kichwani, mgongo umepinda.

"Nani huyu?"

"Nyogokuru!" walijibu wote kwa Kirundi, kwa pamoja.

"Bibi," alisema Adil.

Darasa likapasuka. "We Adil, kila mutu kwako ni bibi!" alisema Jimmy, mkubwa wao. "Unataka kuoa na huyu? Angalia ule mugongo!"

"Si wa kuoa!" Adil alikuwa amesimama, uso umewaka. "Ni bibi! Amemzaa mama! Bibi yangu hana mgongo hivyo. Bibi yangu anauza migebuka."

Chaki ya Mzee Ildephonse ilikatika.

Migebuka. Huku samaki yule yule anaitwa mukeke, na hakuna mtoto wa Bujumbura atakayemwita vingine. Kule Kigoma ndiyo migebuka. Na kule Kigoma, kama vitabu vyote vya shule ya usiku vilivyomfundisha, na kama mabaharia walivyomwambia miaka thelathini bandarini, bibi si mke. Bibi ni mama wa mama. Alilijua hilo. Alikuwa amelijua siku zote, lakini siku ile ya faili Kaltum alisimama mlangoni na mwiko, watu wakacheka, naye akacheka.

Alifuta mchoro. "Haya," alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine, "tuandike herufi."

Hakumwambia mtu. Aliteremka mjini taratibu, akapita milolongo ya magari yaliyokuwa yakisubiri mafuta bila madereva ndani, akafika kwake Buyenzi, akakaa kwenye kile kitanda kifupi ambacho kilimfikisha magoti kidevuni. Alijiambia kwamba mtoto wa miaka sita hajui anachosema. Alijiambia kwamba bibi mwenyewe huenda amekwisha kufa. Alijiambia kwamba Kigoma ni nchi nyingine na watu wake ni wengi. Kila alichojiambia kilikuwa sentensi safi isiyo na kosa, na hakuna hata moja iliyomlaza usingizi. Alhamisi alimtuma mtoto wa Patricia akaseme ana mafua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa.

Ijumaa alivaa koti la kijivu.

Karatasi zilikuwa mezani, mhuri pembeni. Adil alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni na mfuko wake wa nguo, miguu haigusi chini. Kaltum alikuwa amempaka mafuta mpaka anang'aa. Mama Daphrose akamsukumia mzee kalamu.

"Hapa chini, Mzee."

Mzee Ildephonse alisoma kwanza, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, kuanzia juu. Mstari wa nne ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye faili, neno kwa neno, kutoka kwenye mwandiko wake mwenyewe: *Mtoto hana ndugu anayemjua.*

Aliweka kalamu mezani.

"Kuna kosa hapa."

"Yesu! Na leo?" alisema Mama Daphrose. "La herufi?"

"La maana. Na ni langu."

Alieleza yote bila kuketi. Alieleza bibi wa huku na bibi wa kule, alieleza migebuka, na alieleza pia kwamba amelijua jambo hili tangu Jumanne na amelala nalo siku tatu. Hiyo ndiyo sehemu aliyoisema akitazama mhuri.

Mama Daphrose aliita jikoni.

Kaltum aliposikia alishika kiuno. "Kumbe miezi minane nakaa kwenye kiti ya mwenyewe!" Akacheka, akajifuta macho na ncha ya kanga, akamwinamia Adil. "We bwana yangu, mbona ukuniambia kama uko na bibi mukubwa?"

"Nilisema," alijibu Adil. "Kila siku nilisema."

Hapo hakuna aliyecheka.

Wakamwuliza polepole, na mtoto, kwa kuwa sasa aliulizwa kitu anachokijua, aliongea kama bomba lililozibuliwa. Bibi Kaltum, wa jina moja na mpishi, anakaa Ujiji. Anakaanga migebuka mbele ya nyumba. Nyumba ina mlango wa kijani na paka asiye na mkia. Bibi ana kidole hiki hakikunjiki. Mama alimwambia bibi wanakwenda wiki moja na watarudi.

"Nitaandikia serikali," alisema Mama Daphrose, "lakini barua ya ofisi itafika Kigoma huyu ameota ndevu. Mzee, wewe bandarini wanakujua bado?"

"Wananijua."

"Basi andika."

Aliandika pale pale. Ilimchukua zaidi ya saa moja, maana kumwambia mama kwamba binti yake amefariki si kazi ya kalamu nyekundu. Alipomaliza, Kaltum alimtaka asome kwa sauti, kwa kuwa yeye hakusoma shule.

"*Bibi Kaltum, salamu nyingi. Mimi ni Ildephonse, nakuandikia kutoka Bujumbura. Naleta habari nzito na habari njema, na nakuomba uketi kwanza. Binti yako Nura alifariki kwa homa mwaka jana, mwezi wa kumi, na amezikwa kwa heshima na Waislamu wenzake wa Buyenzi. Mjukuu wako Adil yupo, mzima, anasoma mpaka silabi ngumu. Anakutaja kila siku. Tulichelewa kumwelewa, na kosa ni langu. Ukija, au ukituma mtu wako, utampokea mwenyewe mikononi. Ikiwa umri au hali haikuruhusu kumlea, usiwe na wasiwasi, kwani mtoto amekwisha kupata mahali pazuri, ana kitanda, na yupo anayempenda.*"

Kaltum alikuwa amefumba macho akisikiliza. Akayafumbua.

"Muzee, iyo ya mwisho. Unamwambia kama mutoto wake iko, ao unamuomba mutoto?"

Mzee Ildephonse alitazama karatasi.

"Ni sentensi sahihi," alisema.

"Mi sijui sahihi. Mi naulizia tu."

Alichukua karatasi mpya. Aliandika yote upya, mwandiko ule ule wa kulala, na alipofika kwenye *utampokea mwenyewe mikononi* aliweka nukta. Chini yake alimpa Adil kalamu. Mtoto alitoa ulimi nje, akaandika ADIL, na L yake ikatazama upande usio wake. Mkono wa mzee ulikwenda kwenye mfuko wenye kalamu nyekundu, ukakaa humo kidogo, ukatoka mtupu.

"Imekaa vizuri?" aliuliza Adil.

"Imekaa vizuri sana."

Mchana huo huo waliteremka wote wawili bandarini. Walinzi wa geti walimsalimia mzee kwa cheo chake cha zamani na kumwuliza mjukuu huyu amemtoa wapi. Boti iliyoleta saruji kutoka Kigoma ilikuwa imekwisha kushusha mizigo. Massoudi, baharia mwenye kofia ya sufi hata kwenye joto, alikuwa anakunja turubai.

"Ujiji ni kubwa, Mzee," alisema Massoudi. "Na wanaokaanga samaki ni wengi kama samaki wenyewe."

"Mlango wa kijani," alisema Mzee Ildephonse.

"Paka hana mkia," alisema Adil.

Massoudi alimtazama mtoto, akaacha turubai. "Na stempu iko wapi?"

"Stempu ni wewe."

"Haya, nipe."

Mzee aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa ya zamani, ikagoma. Akailamba tena, akaiweka juu ya goti na kuibana kwa kiganja chote, akasubiri, akaijaribu pembeni kwa ukucha. Ilikuwa imeshika. Nje akaandika *Bibi Kaltum, muuza migebuka, Ujiji*, akapiga mstari chini ya jina.

Alimpa Adil aipeleke. Mtoto alitembea hadi ukingoni akiishika kwa mikono miwili, Massoudi akainama, akaipokea, akaiingiza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za boti, akaufunga mafundo mawili.