Mzima Hafufuliwi

Katika mtaa wote ulioelekeana na ofisi za halmashauri, duka lililokuwa bado likifunguliwa kila asubuhi lilikuwa moja tu, na hilo ndilo lililokuwa na matatizo na halmashauri. Mengine yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo yalikuwa na sifa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele alinyoa kinyozi. Nyuma ya pazia alisuka dada yake mkubwa. Leseni yao ilikuwa moja, na ilikuwa imeisha. Kinyozi alipokwenda kuihuisha, Afisa Leseni alimweleza kwa upole kwamba katikati ya jiji leseni zote sasa zinapitia Mradi wa Kufufua Biashara.

"Vizuri," alisema kinyozi. "Nifufueni basi."

"Imekufa?"

"Nini?"

"Biashara."

"Haijafa. Hata sasa hivi nimeacha mtu ananisubiri."

Afisa alisikitika kwa dhati. "Hapo ndipo tatizo lilipo. Kanuni inasema kufufua. Mzima hafufuliwi, kaka. Funga, ukae mpaka wakaguzi wathibitishe kwamba imekufa, kisha ndiyo uombe."

Kinyozi alimpelekea dada yake habari hiyo. Dada hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

"Tukifunga, vichwa vitahama. Kichwa hakina subira, mdogo wangu, na kikizoea mkono mwingine hakirudi. Hatufungi."

Wakiendelea bila leseni, halmashauri ingewawekea kufuli. Wakifunga wenyewe, kufuli lingekuwa la kwao. Tofauti ilikuwa nani wa kulinunua.

Siku ya kuzindua Mradi, jukwaa likiwa linapambwa barabarani, Mwenyekiti wa Kamati ya Ufufuaji aliingia kwa kinyozi, akaketi, akafungwa shuka shingoni. Alikuwa ameuzunguka mtaa wote akitafuta kinyozi mwingine.

"Ondoa zote, chapuchapu. Kuna kupigwa picha."

Nusu ya kulia ilikuwa imeshalainika kama yai, ya kushoto haijaguswa, mlango ulipofunguliwa. Afisa Leseni alisimama kizingitini, kufuli mkononi.

"Kaka, samahani sana. Nimetumwa nifunge. Wageni watapita hapa, na Mwenyekiti hataki waone duka lililo wazi. Litaharibu maana ya Mradi."

Kiti kilizunguka.

"Mwenyekiti hataki nini?"

Afisa alikitazama kichwa kile, akakitambua kwa ile nusu ya zamani. "Shikamoo, mheshimiwa. Ni maagizo yako ya juzi."

"Marahaba. Ngoja nimalizwe."

"Nimeshafika, mheshimiwa. Kuanzia sasa akinyoa hata unywele mmoja ni kosa, na anayenyolewa pia ana kosa. Kifungu mlikipitisha wenyewe, kwa kauli moja."

Kinyozi alizima mashine.

"Washa," alisema Mwenyekiti.

"Naogopa sheria, mkuu."

"Mimi ndiye Mwenyekiti!"

"Mwenye kiti ni ndugu yangu," sauti ya dada ilijibu nyuma ya pazia. "Wewe umekikalia tu."

Mteja aliyekuwa akisukwa alicheka mpaka akapaliwa.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa vikao; akikwama, alitafuta utaratibu. "Basi biashara ife sasa hivi. Afisa, thibitisha kifo. Mimi nitatia saini ufufuo, huyu aninyoe."

Afisa alifunga mlango, akageuza kibao kisomeke IMEFUNGWA, akatulia na kutega sikio kama daktari. Nyuma ya pazia kitana kilikwaruza. Mtu akasema, "Hapo unavuta, shoga."

"Mheshimiwa," alisema Afisa, "huku nyuma nasikia uhai."

"Mama," Mwenyekiti aliita, "hebu kufeni kidogo!"

"Nina nywele za mtu mkononi, baba. Siwezi kumwacha nusu kichwa. Nimechungulia huko mbele, nikaona inavyopendeza."

Afisa alifikiri. "Inawezekana kufufua upande wa mbele peke yake. Wa nyuma nitauwekea kufuli."

Wote walimgeukia kinyozi. Leseni ilikuwa hapo, umbali wa saini moja. Alilitazama kufuli, akalitazama pazia, kisha akaiweka mashine mezani.

"Mimi na huyu ni wa tumbo moja, mkuu. Akifungiwa yeye, na mimi nimefungiwa."

Nje kipaza sauti kilikohoa: moja, mbili, moja, mbili. Mwenyekiti alijiangalia kwenye kioo, upande huu, kisha upande ule. Hakuna kofia ambayo angeweza kuivaa wakati wa wimbo wa taifa.

"Kibali cha muda," alisema hatimaye. "Duka lote, mbele na nyuma. Hayo si mamlaka yangu?"

"Ni yako," Afisa alikiri. "Ila lazima niandike kikomo. Mpaka lini?"

"Mpaka lini, mpaka lini! Mpaka kichwa changu kimalizike kunyolewa! Andika!"

Afisa aliandika neno kwa neno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mwenyekiti alitia saini juu ya goti, muhuri ukagongwa, na Afisa akaondoka na kufuli lake. Mashine ikalia tena.

Kinyozi alinyoa taratibu. Alipoifunua shuka, Mwenyekiti alijipapasa kichwa, akaridhika, kisha vidole vikasimama nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa na kishungi kidogo cha nywele, mahali ambapo kamera haifiki.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau, mkuu," alisema kinyozi, akimpangusa shingo. "Hiyo ndiyo leseni yetu."

Mwenyekiti alifungua kinywa, lakini jina lake lilikuwa limeshaitwa jukwaani. Alihutubia akiwa ameinamisha kichwa kidogo kushoto, akawaahidi wananchi kwamba Kamati haitapumzika mpaka kazi imalizike.